Redio za Anse Vidrine Zilipozimwa

Clebert Fruge alipokufa, mkewe Azelie hakulia. Hakulia kanisani, hakulia makaburini, na hakulia watu walipojaa nyumbani na masufuria yao ya gumbo, ule mchuzi mzito wa bamia. Watu waliliona hilo, na watu wa Anse Vidrine wakiona jambo hawalisemi, wanaliweka tu. Wachache walinong'ona kwamba anajikaza kisabuni, kwamba machozi yatamshuka wageni wakishatawanyika. Lakini Azelie hakuwa anajikaza. Alikuwa na ganzi, kama ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila hii ilikuwa ya mwili mzima, na hakujua mtu ananyoosha nini ili iishe.

Alikuwa mtangazaji. Miaka tisa alikuwa anafungua redio yetu ndogo kabla jua halijachomoza, na kuiendesha mpaka watoto wanakwenda shule, kwa Kifaransa chetu cha nyumbani, kile ambacho walimu walituchapa viboko ili tukiache. Alipiga nyimbo za kodiani na fidla. Alitoa salamu za siku za kuzaliwa, alitangaza ng'ombe waliopotea, alisoma bei ya mpunga kwenye kinu. Na katikati ya yote alisoma vifo. Kabla ya vifo alikuwa anaacha kimya kidogo, na kila jiko la Anse Vidrine lilikijua kimya kile. Mwenye kijiko alikiweka chini, mwenye kukaanga alisogeza kikaango pembeni, na hata watoto watundu walijua kuwa sasa midomo ifungwe. Mtu angeweza kukosa misa na akasamehewa, lakini kuropoka wakati Azelie anasoma vifo lilikuwa jambo la kukumbushwa mpaka uzeeni.

Clebert yeye alikuwa dereva wa lori la mpunga. Jimbo la Louisiana alilijua kwa sikio. Alikuwa anasema hahitaji ramani, kwa sababu kila pembe ina muziki wake na redio yake ya kuupiga. Ukipanda kaskazini kwenye misonobari unakutana na magitaa na wanaume wanaolia kwa Kiingereza kwamba wake zao wamewaacha, na ukiwasikiliza vizuri unawaelewa wale wake. Ukifuata mto Mississippi unapokelewa na kwaya za injili zenye nguvu za kutetemesha kioo cha gari. Ukiingia New Orleans ni tarumbeta asubuhi, tarumbeta mchana, kana kwamba mji mzima hauna kazi nyingine. Redio moja inafifia, nyingine inaingia, wakati mwingine zinapandana na kodiani inacheza na tarumbeta kwa muda wa kilima kimoja. Clebert alizipenda zote. Lakini aliporudi nyumbani jioni, hata kofia hajavua, habari ya kwanza kwa mkewe ilikuwa ile ile, mahali alipompotezea siku hiyo.

"Leo nimekupoteza penye duka la chambo," angesema. Au, "Leo umenifuata mpaka katikati ya daraja. Nilitaka nikupe lifti."

Daraja lenyewe ni lile refu linalovuka kinamasi upande wa mashariki, na ng'ambo yake sauti ya redio yetu hufa. Clebert alikuwa na desturi yake. Kabla ya kupanda daraja aliegesha kando ya barabara, akamimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa, akasubiri wimbo au tangazo linaloendelea liishe. Ndipo avuke. Bosi wake alilalamika kwamba mpunga hauna haja ya kusikiliza muziki. Clebert alimjibu kwamba mpunga hauna haja, dereva anayo.

Hapo ndipo walipomkuta. Askari aliyekuja kuleta habari alisema gari lilikuwa limeegeshwa vizuri, breki imefungwa, kifuniko cha kahawa kiko juu ya dashibodi, na redio inasema. Moyo umesimama, alisema, hakuteseka. Azelie alimwuliza ilikuwa yapata saa ngapi. Askari akamwambia. Azelie akajua mara moja alikuwa anasema nini saa ile. Alikuwa anasoma bei ya mpunga.

*

Mama Eurasie, mama yake Clebert, ndiye mwenye nyumba, na ndiye mwenye matanga. Alikuwa amekula chumvi nyingi, amezika mume na watoto kabla ya huyu, na alijua kila kitu kinakwenda wapi. Azelie avae nyeusi mwaka mzima. Dansi hakuna, harusi hakuna. Na redio ya jikoni, ile kubwa ya mbao ambayo Clebert alimnunulia mama yake ili amsikilize mkwewe, ilichomolewa kwenye umeme na kufunikwa kitambaa cheusi kilichokunjwa pembe nne kama kitambaa cha altare. Nyumba yenye msiba haipigi muziki. Hilo huku halijadiliwi. Hata anayepita barabarani na gari lake anapunguza sauti akifika kwenye kona, na haiongezi tena mpaka auvuke mtaro wa shamba. Ukiwa ndani unasikia muziki unakuja, unakatika, kisha unaanza tena kwa mbali.

Azelie akakaa ndani. Alimenya viazi, alikunja nguo, alikunjua zile zile akazikunja tena. Chakula alikila kwa sababu kiliwekwa mbele yake. Siku moja alitia chumvi mara mbili kwenye sufuria, na wote wawili wakala bila kusema neno, mmoja kwa sababu hakuisikia, mwingine kwa sababu aliisikia. Mama Eurasie hakuwa mtu wa kumkumbatia mtu. Tangu Azelie aolewe, jina alilomwita lilikuwa "mke wa Clebert", mbele yake na nyuma yake, na Clebert alipokufa hakulibadilisha.

Redioni, kiti chake kilikaliwa na Wilmer Veillon, meneja. Wilmer alikuwa mtu mwema, ila Kifaransa chake kilikuwa cha kuombea chumvi mezani, basi. Yeye ndiye aliyesoma tangazo la kifo cha Clebert, na aliposoma alilivunja jina la marehemu vipande viwili. Kwa Azelie hata hilo lilipita tu.

Jumamosi moja mchana Wilmer akaja. Alisimama kwenye mlango wa jikoni na kofia mkononi, akapewa kahawa, akaigeuza kikombeni bila kuinywa. Mama Eurasie alikuwa kwenye jiko, amewapa mgongo.

"Azelie," Wilmer alisema, "hatusikilizwi."

"Na nani?"

"Na mtu yeyote."

Akaeleza. Redio yetu ilikuwa imenunuliwa na bwana mmoja wa Shreveport aitwaye Pruitt, hilo Azelie alilijua. Bwana huyo alikuwa amekusanya redio nne za jimbo, moja ya misonobarini, moja ya kando ya mto, moja ya kwenye mashamba ya maharage, na hii yetu. Alichotaka ni kitu rahisi, kanda moja ya nyimbo irekodiwe Shreveport na ipigwe kwenye zote nne, asubuhi mpaka jioni, asilipe watangazaji wanne. Wilmer alimsihi akiache walau kipindi cha alfajiri. Pruitt akasema sawa, kama kina wasikilizaji. Akakodi wanawake fulani Baton Rouge, kazi yao kupigia nyumba simu asubuhi na kuuliza swali moja, redio yako imewashwa, na kama imewashwa unasikiliza nini. Walipiga majuma mawili. Nyumba baada ya nyumba jibu lilikuwa moja. Imezimwa.

"Labda ni Kifaransa chako," Azelie alisema, bila nia ya utani.

"Kifaransa changu kinaudhi, nakubali. Lakini mtu akiudhika anahamia kituo kingine. Hawa hawajahama. Wamezima kabisa."

Mama Eurasie alisema bila kugeuka, "Ulitaka wafanye nini? Wapige muziki mjane akiwa ndani?"

"Mjane yuko hapa kwako, Mama Eurasie. Redio ziko majumbani kwao."

"Miaka tisa ameingia jikoni kwao kila asubuhi. Kule nako ni kwake." Akafunika sufuria. "Watu wana adabu zao, Wilmer. Wewe mama yako alikufa mapema, hukufundishwa yote."

Wilmer aliona kwamba ni kweli, na kwamba haisaidii. Anse Vidrine nzima ilikuwa imezima redio kwa heshima, na hakuna hata mmoja aliyemweleza mwanamke wa Baton Rouge sababu, kwa kuwa huku mtu hamwelezi mgeni habari za msiba kwenye simu. Ameuliza kama imewashwa, ameambiwa imezimwa, kwaheri.

Azelie akamsindikiza mpaka kwenye gari. Huko nje Wilmer akashusha sauti. Pruitt alikuwa amekubali wale wanawake wapige simu mara moja zaidi, Jumanne, kipindi chote cha alfajiri. Jumanne ikipita kama hivi, Jumatatu inayofuata kanda inaanza. "Na hili la simu libaki kwako," alisema. "Akisikia watu wameambiwa, anaifuta hesabu yote. Wewe rudi tu, Azelie. Ukirudi watawasha."

Azelie akatazama mtaro. Alijiuliza kama anakitaka kipindi, akakuta hajui, kama mtu anayeulizwa ana njaa baada ya kushinda na homa. Lakini kulikuwa na jambo moja alilolijua. Kipindi kikifa, hapatakuwa tena na mahali kule barabarani ambapo sauti yake inaishia. Pale alipoegesha Clebert patakuwa kando ya barabara tu, kama kando nyingine. Wazo hilo halikumuuma. Alihisi tu kwamba lilipaswa kumuuma, na kwamba akilipoteza hilo nalo, huenda asiumwe na chochote tena maisha yake yote. Hilo lilimtisha kidogo, na hofu ile kidogo ndiyo kitu cha kwanza alichokisikia tangu mazishi.

"Nitarudi," alisema.

"Nitawatangazia watu wajue."

"Utawatangazia wapi?"

"Si redioni," Wilmer alianza, akaishia hapo. Wakatazamana. Azelie aliona kwamba inachekesha, aliiona vizuri kabisa, na hakucheka.

Alipomwambia Mama Eurasie kwamba Jumanne anarudi kazini, mama hakugomba. Aliiambia sufuria, "Nyeusi yenyewe haijapauka hata kidogo." Kisha akaiambia tena, "Mke wa Clebert anajua anachokifanya." Siku ile haikusemwa zaidi. Kesho yake, Jumapili, baada ya misa, Mama Eurasie alichelewa kutoka kanisani. Azelie alimsubiri garini na madirisha yamefungwa, akamwona kwa mbali amesimama mlangoni na mkoba wake tumboni, akazungumza na huyu, akazungumza na yule. Akadhani anasemwa. Hakuona sababu ya kushuka.

*

Jumanne aliendesha gari gizani. Baadhi ya majiko yalikuwa na taa, na hakuna alichosikia kutoka kwenye dirisha lolote. Studio ilikuwa chumba kimoja kilichojengwa chini ya mnara katikati ya shamba la mpunga, na kilinuka vumbi la santuri na sigara za Wilmer kama siku zote. Alikaa. Kiti kilikuwa kimeshushwa, akakipandisha. Alisema habari za asubuhi, na sauti iliyotoka ilikuwa nzuri, ya kawaida, ya mtu mwingine.

Akapiga wimbo, na mwingine. Kwenye studio ile simu ilikuwa hailali. Alfajiri za zamani, kabla wimbo wa kwanza haujaisha, kuna bibi anataka salamu kwa dada yake, kuna mzee anabisha kwamba fidla ile haikupigwa na aliyetajwa. Siku hiyo simu ilikuwa kimya. Azelie aliitazama. Wilmer, upande wa pili wa kioo, aliitazama pia, akaunyanyua mkono wa simu kuhakikisha ni nzima, akaurudisha. Akainua mabega.

Kwa hiyo hakuna mtu, Azelie aliwaza. Naongea na mpunga.

Aliendelea kwa sababu ndiyo kazi. Bei ya mpunga akaisoma. Alipofika kwenye neno lile la bei akangoja kitu kitokee ndani yake, na hakikutokea. Ukafika wakati wa vifo. Akaacha kile kimya chake. Walikuwa wawili asubuhi ile, mzee mmoja wa upande wa bwawa na mwanamke aliyehamia Texas zamani na sasa anarudishwa azikwe kwao. Akawasoma. Kisha, badala ya kushusha sindano kwenye santuri, akabaki na mdomo kwenye kipaza sauti. Alikumbuka lile jina lililovunjwa vipande viwili. Akaona kwamba kama hakuna anayesikiliza, basi hakuna ubaya.

"Clebert Fruge," alisema. "Mtoto wa Eurasie na marehemu Adras Fruge. Mume wa Azelie. Alikuwa dereva. Amekufa upande huu wa daraja, gari limezimwa na breki imefungwa. Mazishi yamekwishapita. Mliokosa kufika msione vibaya, hata mimi sikuwepo sana."

Hapo tangazo lilikuwa limeisha, ila yeye hakuacha. Alisema jinsi Clebert alivyokuwa anaegesha. Alisema habari ya duka la chambo, na ya siku ile alipotaka kumpa lifti. Alisema kwamba Clebert alipenda tarumbeta za New Orleans na hakuthubutu kukiri mbele ya mama yake. Alisema alikoroma. Alisema kwamba asubuhi ile alikuwa anamsomea bei ya mpunga, mtu aliyebeba mpunga, na kwamba angejua angempigia walau wimbo. Aliyasema yote kwa sauti kavu, ile ile ya bei, bila kusita na bila chozi. Wilmer alikuwa amevua miwani. Saa ilikwenda, na muziki haukupigwa tena. Mpaka watoto wanakwenda shule Azelie alikuwa bado anasema, na aliposhtuka kwamba muda umekwisha, alisema tu kwamba hayo ndiyo matangazo ya vifo vya leo.

Simu haikulia hata mara moja.

Ililia baadaye, wakati amekwisha kuvaa koti. Wilmer akapokea. Alisikiliza kwa muda mrefu, akisema ndiyo, ndiyo, akijifuta paji la uso. Alikuwa Pruitt mwenyewe. Wanawake wa Baton Rouge walikuwa wamemaliza hesabu yao, na safari hii ilikuwa mbaya kuliko mara ya kwanza. Mara ya kwanza watu walipokea wakasema imezimwa. Leo hata kupokea hawakupokea. Simu zimelia nyumba kwa nyumba, hakuna aliyeshika.

"Anasema hajui kama huko kwetu kuna watu," Wilmer alisema. "Jumatatu kanda inaanza. Nimejaribu, Azelie. Mungu ananiona."

"Sawa," Azelie alisema. Akamshukuru, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akatoka.

*

Kahawa ilikuwa imeisha nyumbani, akasimama dukani kwa Theotiste Latiolais. Humo ndani walikuwa wanawake kadhaa na mzee mmoja aliyefuata misumari, na alipoingia wote wakampisha mpaka kwenye kaunta. Theotiste, mwanamke mnene mwenye mdomo usio na breki, siku hiyo hakuwa na la kusema. Alimpimia kahawa, akaongeza nyingine juu ya mizani bila kuitazama.

"Tumekusikia," alisema hatimaye. "Wote. Tangu ulipofungua mdomo, hakuna aliyegusa kitu."

Azelie akadhani hakusikia vizuri. Akamwuliza walijuaje kama anarudi.

"Mkweo si alitupanga mlangoni kanisani kama watoto wa komunyo. Alisema, 'Jumanne binti yangu anasoma. Washeni.' Nani angembishia?"

"Alisema binti yangu?"

"Hivyo hivyo, dada. Na yule hajapata kumwita mtu binti yangu, hata paka wake."

Wanawake wakaanza kusogea, na sasa kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alisema aliacha mkate ukaungua. Mwingine mumewe alikaa kwenye trekta limezimwa, redio magotini, mpaka mwisho. Theotiste alirudiwa na mdomo wake.

"Na katikati ya hayo, simu inalia," alisema. "Unasoma habari za Clebert, nayo inalia. Nikaitazama tu. Nikaiambia, huna adabu wewe, huoni tunazika?"

"Hata kwangu ililia," mwanamke wa mkate alisema. "Nikaiwekea mto."

"Kwangu mimi," mzee wa misumari alisema, "nilichomoa waya."

Wakacheka kidogo, kwa fahari, kama watu waliofanya jambo lao vizuri. Hata mmoja hakuwa amepokea. Azelie aliwatazama mmoja mmoja. Alikuwa na neno mdomoni, na kama angelitoa wangejua ni nani aliyekuwa anapiga, na fahari ile ingewageukia kuwa kitu ambacho wangekibeba mpaka kaburini. Alilirudisha ndani. Jumatatu kanda itaanza, watamlaani Pruitt, na hawatakuwa wamekosea sana.

"Asanteni," alisema. "Asanteni kwa kuzika."

Akachukua kahawa yake. Akaendesha gari mpaka nyumbani.

Mama Eurasie alikuwa mezani jikoni, amekaa wima kama mtu anayepigwa picha. Redio kubwa ya mbao ilikuwa wazi, imechomekwa, na Wilmer alikuwa ndani yake anauza dawa ya magugu kwa Kiingereza. Kitambaa cheusi hakikuwepo juu yake. Azelie alikitafuta kwa macho. Alikiona kwenye ukumbi mdogo, juu ya kijimeza. Kilikuwa kimefunika simu, pembe zote nne zimekunjwa sawasawa.

Akasimama pale na pakiti ya kahawa mkononi.

"Ililia?" aliuliza.

"Ililia. Ikanyamaza, ikalia tena, ikanyamaza, ikalia. Katikati ya jina la mwanangu." Mama Eurasie alizima redio. "Siku hizi watu hawana haya."

Azelie alishika pembe moja ya kitambaa, na ganzi ikamwachia yote kwa mpigo, kama mguu unavyoachiwa, kwa maumivu. Alilia. Alimlilia Clebert na kifuniko chake cha kahawa, akalilia bei ya mpunga, na mkate ulioungua, na mto, na waya uliochomolewa. Alilia kwa sauti kubwa isiyopendeza, sauti ambayo redio haijapata kuisikia, mpaka akakaa sakafuni na nguo yake nyeusi. Mama Eurasie aliinuka kwa shida, akaja, akaketi kwenye kiti cha simu, akamwekea mkono kichwani. Mkono ulikuwa mzito na unanuka kitunguu. Ulikaa hapo hapo.

Baada ya muda mrefu mama akauliza, "Ila alikuwa nani, yule aliyekuwa anapiga?"

Azelie akajifuta uso kwa kitambaa cheusi.

"Mtu amekosea namba, mama," alisema.

"Basi ni vizuri sikupokea," Mama Eurasie alisema, akaenda kuchemsha maji ya kahawa.